Paa la gari kuukuu likiliwa na kutu, puti si dawa

KATIKA maeneo ya majani chai kama Kangari, Kaunti ya Murang'a, gari kuukuu huoza kuanzia juu. Mvua ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha Julai huja na baridi, ukungu na manyunyu. Paa likishakwaruzwa na keria au na mizigo, chuma hakipati muda wa kukauka.

Pikapu za Peugeot 504, ambazo kwa miaka mingi ziliunganishwa humu nchini, ni mfano mwafaka. Gari hili lilijijengea jina liliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hadi leo wapo wanaoapa kwa injini yake. Bodi ndiyo hutangulia kufa.

Kutu huanzia kwenye mfereji wa paa, pale mabati mawili yalipounganishwa, na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Mwenye gari huanza kuona malengelenge madogo tu chini ya rangi. Wakati huo chuma huenda kimekwisha kuliwa kutoka ndani, kwani maji yaliyopenya hutuama juu ya kitambaa cha dari.

Kwa hiyo fundi mwangalifu hung'oa dari kwanza, akafungua na waya za betri. Kitambaa na sponji hushika moto upesi cheche zinapoanguka.

Njia ya mkato inayopendwa ni kuziba shimo kwa puti na kupaka rangi juu yake. Huo ni udanganyifu, hata kama fundi hakukusudia kudanganya. Puti hufyonza unyevu, na kutu huendelea kula kimyakimya hadi shimo lirudi likiwa pana zaidi. Anayenunua gari la zamani na achukue sumaku ndogo, aifunge kwa kitambaa laini na kuipitisha juu ya paa. Pale penye puti nene haitashika. (Paa la Land Rover ya zamani ni la alumini, hivyo sumaku haitashika popote, hapo muuzaji asishukiwe bure.)

Tiba yenyewe ni kusaga rangi hadi chuma king'ae, kudunga kwa bisibisi ili kujua uozo umefika wapi, kisha kukata hadi kwenye chuma kizima. Kiraka kinachofaa ni bati la chuma la geji 20, yaani karibu milimita 0.9. Wapo wanaotumia masalio ya mabati ya nyumba ya geji 30. Hayo ni membamba mno, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoweza kumlaza fundi kwa homa.

Kiraka huchomelewa kwa nukta, moja huku na nyingine kule. Fundi akichoma mstari mmoja mfululizo, joto hulipinda paa lote. Kisha hufuata rangi ya zinki ya kuzuia kutu, gundi ya kuziba maungio, puti nyembamba ya kulainisha tu, na rangi ya mwisho. Huko mlimani rangi isipakwe asubuhi. Heri kungoja ukungu uinuke na bati likauke, la sivyo unyevu utafungiwa ndani.

Shimo katikati ya paa ni hasara ya fedha. Kutu iliyoshuka hadi kwenye nguzo zinazolishikilia paa ni jambo jingine: gari likibingirika kwenye kona za milimani, nguzo hizo ndizo huzuia paa lisiwaangukie waliomo. Hapo kiraka hakitoshi. Nguzo nzima hubadilishwa, au gari liondolewe barabarani.

Anayebadilisha rangi ya gari wakati wa ukarabati hupaswa pia kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), kwani rangi ni miongoni mwa maelezo ya usajili.