Maji Yalipoondoka Marromeu

Askari aitazamaye ramani ya nchi jirani ya Msumbiji ataona mto Zambezi ukigawanyika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Kusini mwa delta hiyo, huko Marromeu, kuna tambarare ya majani na matete inayoishia kwenye misitu ya mikoko. Nchi hiyo ililindwa na mafuriko. Kila msimu wa mvua mto ulifurika, ukaleta udongo mpya, ukastawisha mikoko wanamokulia kamba wanaovuliwa pwani ya Sofala. Tena ulifunga njia: kwa miezi kadhaa mwindaji hakuweza kupita. Nyati wa Marromeu katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Mlinzi huyo aliondolewa na wakoloni. Bwawa la Kariba, lililokamilika 1959 mpakani mwa Zambia na Zimbabwe za leo, lilikwisha kupunguza nguvu za mto. Kisha Wareno wakajenga Cahora Bassa, likaanza kujazwa Desemba 1974, miezi michache kabla ya uhuru wa Msumbiji. Umeme wake, kwa sehemu kubwa, ulikusudiwa Afrika Kusini ya makaburu. Huko chini tambarare ikakauka, moto ukala matete, miti ya nchi kavu ikasogea mbele, na kamba wakapungua.

Ndipo vita vya 1977 hadi 1992 vikaikuta njia iko wazi. Wenye bunduki waliingia pale ambapo zamani wangezama matopeni. Nyama ya nyati ililisha vikosi, na nyingine ikauzwa. Njaa ya vitani yajulikana kwa kila askari. Lakini biashara ya nyama si njaa. Amani ilipofika, nyati walikuwa wamebaki elfu chache tu.

Baada ya mapatano ya Rome ya Oktoba 1992 ulinzi ulianza upya, pole pole. Mwaka 2004 Marromeu iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu. Nyati wameongezeka tena kwa maelfu, na mwaka 2018 simba 24 walisafirishwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini wakaachiwa katika delta hiyo. Mafuriko ya zamani hayajarudi. Bwawa lingali likiamua maji yateremke lini na kiasi gani. Askari wa wanyamapori hushika doria katika nchi ambayo zamani ililindwa na mto.