Majenerali Wawili na Maji ya Ngarambe

Mpwa wangu anasoma kompyuta chuoni, na kila akija likizo hapa Maili Moja, Kibaha, lazima aniletee fumbo. Safari hii kaja na la majenerali wawili. Majeshi mawili rafiki yako juu ya vilima viwili, adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja wanashinda. Mmoja akitangulia peke yake amekwisha. Wanatumiana tarishi, na tarishi lazima apite bondeni, ambako anaweza kukamatwa. Wa kwanza anatuma neno: kesho alfajiri. Atajuaje kama limefika? Asubiri jibu. Na aliyejibu, atajuaje kama jibu lake limefika? Naye asubiri jibu la jibu. Haiishi! Watafiti walilieleza tatizo hili mwaka 1975, na imethibitishwa kihesabu kwamba hata ukituma matarishi wangapi, uhakika kamili haupatikani. Kompyuta nyingi zinazojitegemea, zisizo na bosi mmoja, zinahangaika na jambo hilohilo mpaka leo.

Nikamwambia, mwanangu, mtihani huo wazee wetu waliufanya mwaka 1905, na haukuwa wa karatasi.

Tuanzie hapa jirani, Kisarawe. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, yaani huku kwetu Uzaramo. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walilime kwa zamu, siku 28 kwa mwaka. Kwenye karatasi ulikuwa ushirikiano mzuri, mapato yagawanywe. Kumbe fungu la mkulima lilikuja kuwa senti 35, kazi ya mwaka. Ushirikiano wa kiboko huo. Mmoja wa walioingia vitani ni Kibasila, jumbe wa Kisangire, na Wajerumani walimnyonga. Siku hizi ukitaja Kibasila, wengi wanafikiri unasema shule ya Dar es Salaam.

Sasa, Mzaramo wa Kisangire na Mngoni wa Songea waliingiaje vita moja? Hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Mwaka 1904, Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alianza kutoa maji ya kugeuza risasi kuwa maji. Habari ilisafiri kwa kunong'onezana, Wamatumbi wakaiita njwiywila, na baadaye wasaidizi walioitwa hongo wakayapeleka maji mbali zaidi. Mimi naona nguvu ya maji yale haikuwa kwenye kibuyu. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi, wakanywa wakitazamana. Nimekunywa, umeniona, nami nimekuona ukiniona. Hapo jibu la jibu halihitajiki tena. Tarishi wa bondeni hawezi kukupa kitu hicho.

Ila maji yalisema nani yuko pamoja nasi, hayakusema lini. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walichoka kusubiri, wakang'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Ungetarajia mambo yaishie hapo, lakini vita viliendelea hadi mwaka 1907 bila yeye. Mpwa wangu akaruka: "Mjomba, huo ndio mfumo usio na kitovu! Ukiua kompyuta moja, nyingine zinaendelea."

Ndiyo. Sasa sikiliza Mahenge, 30 Agosti. Ndani ya boma kulikuwa na askari 60, mamia kadhaa ya wenyeji waliokuwa upande wa Wajerumani, na bombomu mbili. Nje, maelfu ya wapiganaji wa makabila mawili, ambao hawakupatana waanze lini. Kundi la kwanza lilifika peke yake. Lilimiminiwa risasi kuanzia mita 1,000, likastahimili kama robo saa, likavunjika. Ndipo likatokea la pili kutoka mashariki, watu wapatao 1,200. Wengine walifika hatua tatu tu kutoka kwenye mstari wa bunduki. Vilima viwili vyako hivyo.

Na kuna jambo ambalo fumbo lake haliligusi kabisa. Neno likishasambaa bila kitovu, nani ataliita lirudi? Risasi hazikugeuka maji, lakini habari ya maji ilikuwa imeshafika mbali kuliko mtu yeyote wa kuikanusha. Ebrahim Hussein aliliona hili katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969: pale mwishoni Kinjeketile anatakiwa aseme maji ni uongo, naye anakataa. Wasomaji wengi humsoma pale kama shujaa wa uhuru tu. Mimi humsoma pia kama mtu anayejua kwamba neno si lake tena.

Wajerumani walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa moto.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, akauliza kama tamthilia yenyewe ninayo. Karudi nayo chuoni. Mpaka leo hajairudisha.