MFUMO WA SOKO: KWA NINI MIRADI HUFA MFADHILI AKIONDOKA

Wadau, mmeshaona hii: mradi unakuja kijijini, unagawa mbegu bure, picha zinapigwa. Mfadhili akiondoka, kwisha! Na muuza pembejeo wa pale keshafunga duka, maana nani atanunua wakati vya bure vipo?

Wanaofuata mtazamo wa mfumo wa soko huanza na swali jingine: nani anauza, nani ananunua, na kwa nini mtu wa hali ya chini anaachwa nje?

Mfano ninaoupenda ni mradi wa Katalyst wa Bangladesh (2002-2018). Wakulima wadogo wa mboga walikuwa wananunua mbegu za kupima zisizo na uhakika, kwa sababu pakiti za kampuni zilikuwa kubwa na bei haishikiki. Kampuni nazo hazikumhesabu masikini kama mteja. Katalyst hawakugawa mbegu. Walikaa na kampuni, wakachangia gharama za kujaribu, zikatoa vipakiti vidogo vya kutosha bustani ya nyumbani. Vikauzika, na kampuni zikaona faida.

Sisi tunaonunua mafuta ya kula kwa kipimo tunalielewa hili bila semina!

Njia hii ina mipaka yake, jamani. Njaa ikiingia, watu wapewe chakula kwanza, soko baadaye.

Ila mradi ukija kwenu, ulizeni: mkiondoka, nani ataendelea kuuza, na atapata faida gani? Wakikosa jibu, mjue mmeletewa zawadi tu.

Naomba kuwasilisha.