Kadudu kekundu na keusi kanakounguza ngozi: jamaa yake ni kubwa kuliko tunavyofikiri

Mvua ikianza kunyesha Likasi, mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, wakaaji wa Shituru wanaona kadudu kembamba kanazunguka ampuli usiku. Kanafanana na sisimizi mrefu: kichwa cheusi, shingo na tumbo rangi ya machungwa, katikati bluu inayong'aa, na mkia mweusi kanaoinua juu kikiguswa. Kesho yake mtu anaamka na alama nyekundu ndefu shingoni, kama amechapwa fimbo ya moto.

Wengine wanasema ni buibui amekojoa. Wengine wanawaza ulozi. Na juu huku kwetu usine ya shaba inatumia asidi, kuna mwenye anaweza kufikiri ni asidi ndiyo imemfikia. Lakini kwa alama ya namna hii, iliyotoka usiku penye taa, mara nyingi ni kale kadudu. Wataalamu wanakaita Paederus. Kenya wanakaita nzi wa Nairobi, ijapokuwa si nzi hata kidogo: ni mbawakawa. Mwaka 1998, kisha mvua kubwa za El Niño, kalisumbua watu wengi sana kule.

Hakaumi, wala hakana mwiba. Sumu, jina lake pederini, iko ndani ya damu yake, inatoka tu ukikaponda. Cha kushangaza, si kenyewe kanaitengeneza: ni bakteria zinazoishi ndani ya majike. Mama anaipitisha kwa mayai, na watoto wanakingwa na buibui wenye kuwawinda. Ngozi haiwaki palepale. Inachukua karibu siku moja ao mbili, ndiyo maana mtu hakumbuki alichopiga kofi jana. Pengine kidonda kinatoka pande mbili za mkunjo wa kiwiko, juu ngozi zimegusana.

Kakikutulia mwilini, usikapige. Kapulizie, ao ukaache kapande juu ya karatasi. Kama umekaponda, osha pale mara moja na maji na sabuni, osha mikono pia, na usijipanguse macho. Kidonda kinaisha kwa wiki moja mpaka tatu, kinaacha doa jeusi kwa muda. Macho yakivimba, ao malengelenge yakiota usaha, nenda kituo cha afya. Usiweke majani ao mafuta ndani ya jicho. Usiku zima taa za nje zisizo na kazi, lala ndani ya chandarua, kung'uta shuka mbele ya kulala.

Sasa, kadudu haka ni kamoja tu katika jamaa ya Stafilinide, jina lililowekwa na Mfaransa Latreille mwaka 1802. Aina zinazojulikana zinapita 60,000, karibu mara kumi kuliko wanyama wote wenye kunyonyesha. Alama yao ni ganda fupi la mabawa, kama koti lililokatwa kiunoni. Tumbo linabaki nje na linapinda kila upande. Mabawa ya kurukia yamekunjwa chini ya lile koti, kwa ufundi ambao hata mtu wa parashuti angeuonea wivu. Paederus wako ndani ya tawi la Pederine. Matawi mengine yalihesabiwa zamani kama jamaa za pekee, halafu wataalamu wakayarudisha.

Wanapenda unyevu: majani yaliyooza, kando ya mito, uyoga, chini ya magome. Wengine wanakaa ndani ya mavi ya ng'ombe na mizoga wakila funza wa nzi. Kuna hata wanaoishi ndani ya kichuguu, matumbo yao yamevimba mpaka wanafanana na mchwa wenyewe, na mchwa wanawalisha. Hifadhi ya Upemba, hapa Katanga, wadudu wengi walikusanywa na msafara wa de Witte kati ya 1946 na 1949.

Paederus naye shambani ni rafiki: anakula vidukari na wadudu wanaonyonya mpunga. Kwa hiyo kumwaga dawa ya sumu kila pahali ili kumumaliza, mkulima ndiye atakayelipa. Taa ya nyumbani ndiyo ya kuzimwa.