Moto Ulionekana Kwanza

Mchoma mkaa haogopi moto, anaogopa hewa. Nilijifunza hilo nilipohamia Handeni kufundisha fizikia, nikapanga nyumba ukingoni mwa mji, jirani na mzee mmoja aliyeishi kwa kazi hiyo. Magogo ya mtondoro na mkambala hupangwa, yakafunikwa kwa majani, juu ya majani ukawekwa udongo, kisha moto huwashwa kwa mlango mmoja tu na mlango huo ukazibwa. Kuanzia hapo kazi ni kulinda. Moshi ukiwa mweupe na mzito, hayo ni maji ya mti yanayotoka. Ukianza kuwa mwembamba wenye kuelekea buluu, mkaa unaiva. Udongo ukipasuka usiku na mlinzi amelala, asubuhi anakuta majivu. "Mwalimu," aliniambia mara moja, akipiga penye ufa kwa mgongo wa sepetu, "mimi nauza kile ambacho moto haukula."

Ndani ya tanuri lile, kwa kuwa hewa haitoshi, kaboni huungana na oksijeni moja badala ya mbili. Inayopatikana ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na ndiyo inayoua watu wanaojifungia chumbani na jiko la mkaa nyakati za baridi. Gesi hiyo hiyo ndiyo iliyowafungua macho wanaastronomia kuhusu jambo lililowapita kwa muda mrefu sana: kwamba kwenye galaksi zinazozaa nyota kwa pupa, pamoja na moto unaofuka kutoka katikati, kuna gesi baridi inayobebwa kwenda nje, na kwa uzito hiyo baridi ndiyo yenye mali. Waliuona moto kwanza, kama ilivyo kawaida ya macho.

Mimi nilizaliwa Korogwe, kambi ya mkonge. Baba aliletwa kutoka Kigoma na namba yake kama manamba wengine, akaishia kwenye korona, mashine ile ya kusaga majani ya mkonge na kubakiza nyuzi. Reli ilikuwa imefika Korogwe tangu 1902, Wajerumani wakiisukuma kutoka Tanga, na mkonge ukaifuata. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi, hakuna aliyetupita duniani. Lakini kambini umeme ulikuwa wa kiwandani na kwa meneja. Kwetu giza lilikuwa giza kweli, na wazee waliotoka kila pembe walikuwa na anga moja ya kusomea majira. Waliotoka pwani walikuwa na kilimia, lile kundi la nyota: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Baba hakuwa na msemo huo, lakini mwezi Juni alikuwa akikitafuta alfajiri upande wa mashariki kabla ya kwenda zamu.

Ukikitazama kilimia kwa darubini nzuri unaona ukungu wa buluu umezizunguka zile nyota. Ni vumbi. Nyota zinapita ndani ya wingu la vumbi lisilo lao, na mwanga wao unalimulika. Sisi wa kusini tuna zaidi ya hapo. Mwezi wa Mei au Juni, ukisimama Mkata au Sindeni mbali na taa za barabara kuu, tazama kusini ulipo Msalaba wa Kusini. Pembeni mwake, katikati ya ule mkanda mweupe wa nyota, pana doa jeusi kubwa ambalo mabaharia wa Ulaya waliliita Gunia la Makaa. Hapo nyota hazikukosekana. Wingu la gesi na vumbi limesimama mbele yao, umbali wa miaka ya nuru mia kadhaa, likiwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 260 chini ya sifuri. Kwa hiyo gesi baridi ya angani haihitaji mtambo ili uione. Kinachohitajika ni kukubali kwamba weusi ni kitu.

Wataalamu wenyewe walichelewa kukubali. William Herschel, mtazamaji mkubwa wa karne ya kumi na nane, alipokutana na doa la namna hiyo alidhani ni tundu angani. Hadi Edward Barnard wa Marekani alipotoa orodha yake mwaka 1919, yenye madoa 182, ndipo hoja ya kwamba ni mawingu ikaanza kushinda.

Dada yake Herschel, Caroline, ndiye anayetuhusu zaidi. Usiku wa 23 Septemba 1783, kijijini Datchet, Uingereza, akiwa na darubini ndogo aliyotengenezewa na kaka yake, aliona doa refu la mwanga chini sana kusini. Leo linaitwa NGC 253, mojawapo ya zile galaksi zinazozaa nyota kwa pupa. Kwake lilikuwa limelala karibu na upeo, katika hewa chafu. Kwetu Korogwe, katikati ya Oktoba, karibu na saa sita usiku, linapita nyuzi 20 tu kusini ya utosi, na darubini ya kawaida ya macho mawili inatosha kulionesha. Mwenzake, M82, aligunduliwa na Johann Bode huko Berlin mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1774. Huyo ametunyima: kwetu hapandi zaidi ya nyuzi 15 hivi upande wa kaskazini, na msimu wake wa jioni ni Aprili, masika yenyewe, milima ya Usambara ikiwa imevaa mawingu. Zote mbili ziko umbali wa miaka ya nuru milioni kumi na moja hadi kumi na mbili, ambao kwa galaksi ni ujirani.

Karibu miaka mia mbili ikapita bila mtu kujua kinachoendelea humo. Mwaka 1963 Roger Lynds na Allan Sandage walichapisha picha za M82 zilizopigwa kwa mwanga mwekundu wa haidrojeni. Nyuzinyuzi za gesi zilikuwa zikitoka juu na chini ya galaksi, mbali kuliko ilivyodhaniwa. Wakasema katikati pamelipuka, kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Dunia ikapenda neno hilo, mlipuko, na M82 ikaitwa galaksi inayolipuka. Baadaye ilifahamika kwamba hapakuwa na bomu moja. Eneo dogo la katikati linazaa nyota nyingi mno kwa mkupuo. Zile kubwa haziishi sana, hulipuka moja baada ya nyingine kama supanova, na joto la milipuko hiyo likijumlishwa linakuwa upepo. Mwaka 1985 Roger Chevalier na Andrew Clegg waliuandikia hesabu yake, na hesabu ile ni fupi kiasi kwamba niliwahi kuifundisha kidato cha sita bila mtu kulala.

Tukirudi nyuma kidogo, mwaka 1970 ndio ninaoupenda katika historia hii, na nusu yake imetokea kwetu. Tarehe 12 Desemba, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la chuma la Waitaliano lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kwa njia ya ndege hapo ni kilomita 300 na ushei kutoka Korogwe. Roketi ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei angani. Ilipewa jina Uhuru, kwa pendekezo la Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi huo huko NASA. Walichagua Ngomeni kwa sababu ikweta iko karibu: mzunguko wa dunia unaisaidia roketi, na setilaiti ikibaki juu ya ikweta inakwepa mionzi ambayo ingeharibu vipimo. Kabla ya kunyamaza mwaka 1973 ilikuwa imeorodhesha mamia ya vyanzo vya eksirei, na imeonesha kwamba baina ya galaksi zilizokaa kwa makundi pamejaa gesi ya nyuzi mamilioni mengi. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli mwaka 2002.

Mimi mwaka ule nilikuwa shuleni, baba bado yuko koronani, na hakuna aliyetuambia. Sijui kwa nini hadi leo mtoto wa Tanga anaweza kumaliza shule akijua jina la chombo kilichoenda mwezini na asijue hiki kilichoruka mlangoni kwake.

Nusu ya pili ya mwaka huo ilitokea Arizona, miezi kadhaa kabla. Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walielekeza sahani ya redio ya mita 11, kwenye mlima Kitt Peak, kwenye wingu la Orioni wakapata sauti ya kaboni monoksaidi. Ilikuwa na nguvu kuliko walivyotarajia. Hapa inabidi nieleze kwa nini gesi ya jiko la mkaa ndiyo iliyofaa. Gesi baridi inayozaa nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni, atomu mbili zimeshikana. Molekuli yake ina pande mbili zilizo sawasawa, na kwenye baridi kali haitoi wimbi lolote la maana. Ipo lakini bubu. Kaboni monoksaidi ina kaboni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, haina ulinganifu, kwa hiyo ikigongwa kidogo tu inazunguka, na ikipunguza mzunguko inatoa wimbi la milimita 2.6. Kwa kila molekuli yake moja kuna za haidrojeni kama elfu kumi. Ukiisikia hiyo moja, unajua kundi zima liko hapo. Na wimbi likifika limerefuka au limefupishwa kidogo, unajua pia kundi linakwenda wapi na kwa kasi gani.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja binadamu alipata jicho la moto, kutoka pwani yetu, na sikio la baridi, kutoka jangwani Marekani. Sikio ndilo lililochukua muda kufika lilikotakiwa. Mwaka 1975 kaboni monoksaidi ilisikika kwa mara ya kwanza nje ya galaksi yetu, na galaksi zilizosikika zilikuwa hizi hizi mbili, M82 na NGC 253. Mwaka 1987 Wajapani waliotumia darubini ya mita 45 ya Nobeyama, Naomasa Nakai akiwa wa kwanza kwenye orodha ya majina, walionesha kwamba gesi baridi ya M82 haijakaa kwenye sahani ya galaksi peke yake. Nyingine inapanda nje, sambamba na moto.

Lakini swali la bei, yaani galaksi inapoteza gesi kiasi gani, lilijibiwa mwaka 2013, kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, penye antena 66 za ALMA. Kundi la Alberto Bolatto lilitazama katikati ya NGC 253 likaona gesi ya molekuli ikimiminika nje. Hesabu yao ilikuwa hivi: katikati ya galaksi ile inatengeneza nyota zenye uzito wa kama majua matatu kwa mwaka, na gesi baridi inayotoka ni sawa na majua matatu kwa uchache, huenda tisa. Anayepepeta mtama anataka upepo uchukue makapi, punje zibaki. Kule upepo unachukua punje. Gesi inayotoka ndiyo ambayo ingekuwa nyota za kesho, na nyota za leo ndizo zinazoifukuza.

Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini galaksi nyingi kubwa zimeacha kuzaa nyota ilhali zamani zilizaa kwa wingi. Na hapo pia ndipo ugomvi ulipoanza, maana fizikia ya kawaida inakataa. Upepo wa moto una nyuzi mamilioni na unakwenda zaidi ya kilomita elfu kwa sekunde. Wingu la baridi likiingia humo linatakiwa kuchanwa na kuyeyuka muda mrefu kabla halijashika kasi. Kompyuta zimeigiza jambo hilo tena na tena, na kwa miaka wingu lilikuwa linakufa. Mwaka 2018 Max Gronke na Peng Oh walitoa jibu ambalo mimi naliona zuri: wingu likiwa kubwa vya kutosha, pale linapochanika gesi yake inachanganyika na ya moto, mchanganyiko ule unapoa upesi na kurudi kwenye wingu. Badala ya kupungua, wingu linakula upepo na kunenepa.

Je, inayotoka imeondoka moja kwa moja? Hapo wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2015 Adam Leroy na wenzake walipima M82 wakaona gesi baridi inapungua haraka kadiri unavyoiacha sahani ya galaksi, na kasi yake haitoshi kutoroka. Nyingi itapanda, itachoka, itarudi chini. Mimi naegemea upande wao, angalau kwa M82. Kwa NGC 253 siweki dau: vipimo vilivyofuata vimepandisha kiasi kinachotoka kuliko kile cha 2013, na hakuna aliyeonesha bado kwa uhakika ni sehemu gani ya gesi hiyo itavuka mpaka wa uvutano na isirudi tena.