Nasaba ya Perege wa Maji ya Magadi

Nasaba haijulikani kwa sura peke yake. Ndugu wa tumbo moja huweza kuhitilafiana kwa kimo na rangi, na watu wasio na udugu wakafanana. Basi mwenye kuainisha viumbe hana budi kutafuta ushahidi mwingine. Jambo hili ladhihirika katika historia ya perege ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, aishiye katika maziwa ya Kitangiri, Eyasi na Manyara.

Kitangiri liko chini ya nyanda za juu za Iramba, mkoani Singida. Mto Wembere huingia humo, na mto Sibiti hutoka humo kwenda Eyasi, ziwa lisilo na mto wa kutolea maji. Jua huyapunguza maji, chumvi na magadi yakabaki. Samaki wengi hawawezi kuishi katika maji ya namna hiyo, lakini perege huyu ameyazoea. Mbali kaskazini, katika maziwa ya Natron na Magadi, wako perege wengine wadogo, wastahimilivu kuliko yeye, hata karibu na chemchemi za moto.

Perege wa Kitangiri na mmoja wa wale wa kaskazini, alcalica, walipewa majina na mtu mmoja, Franz Hilgendorf wa Berlin, katika maandiko yaliyopigwa chapa mwaka 1905, baada ya kufa kwake. Naye hakuwa mgeni wa mambo ya nasaba: mwaka 1866 alikuwa amekwisha kuchora mti wa ukoo wa konokono wa kale waliochimbuliwa Steinheim, Ujerumani. Lakini konokono wale walilala tabaka juu ya tabaka, wa kwanza chini na wa baadaye juu. Perege hawakuacha ushahidi wa namna hiyo. Waliomfuata walitazama umbo, wakawatenga wale wa Natron na Magadi katika jenasi yao wenyewe, Alcolapia.

Mwaka 2019 ulichapwa utafiti wa jeni za spishi 32 kati ya 37 zilizokwisha kuelezwa. Mashahidi walikuwa wawili: urithi wa mitokondria, upitao kwa mama tu, na urithi wa kiini cha seli, utokao kwa wazazi wote wawili. Mara nyingi mashahidi hao hawakukubaliana. Si ajabu: Mnyiramba wa kale, aliyehesabu ukoo kwa mama, na Mnyaturu, aliyehesabu kwa baba, wangechora miti miwili ya jamaa moja. Yumkini matawi yaliachana upesi mno, au koo zilichanganyika zamani. Watafiti waliutegemea ushahidi wa kiini, nao ukaonyesha kwamba Alcolapia ni tawi ndani ya Oreochromis, na kwamba uwezo wa kustahimili maji makali ya magadi yaelekea ulizuka mara moja tu, katika shina lililowazaa amphimelas na wale wa Natron na Magadi. Jenasi iliyotengwa kwa umbo ikarudishwa ukooni.

Hata hivyo ushahidi huu waweza kupotea. Perege wa kigeni, sato miongoni mwao, wametiwa kwa makusudi katika maji mengi ya Tanzania, na mahali kadhaa wamezaana na wenyeji. Machotara wakizidi katika ziwa, historia iliyohifadhiwa katika damu ya samaki wake haitasomeka tena, wala hapana maktaba yenye nakala yake.