Adui: neno lilitoka wapi, na tunamwita nani hivyo?



Katika kikao kimoja cha waliorudi, upande wa Oicha, mama mmoja alisimama akamwonyesha jirani yake kidole: «Huyu ni adui. Sisi wote tulikimbia, yeye alibakia. Ju ya nini hawakumuua?» Kikao kikanyamaza kabisa. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni, mtu akisema «adui iko karibu» hakuna anayeuliza ni nani. Wengine wanasema NALU, wengine ADF, lakini mara nyingi ni «adui» tu, maana aliyekimbia usiku hakuona sura.

Neno lenyewe lilizaliwa mbali. Ni la Kiarabu, likapita pwani, likaingia bara na Kiswahili cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Stanley alipopita msitu wa Ituri mwaka 1887 alikuta watu wa Ugarrowwa na Kilonga-Longa wamekwisha kupiga kambi humo, na vijiji vimeharibiwa. Yaani waliobeba neno hili walibeba bunduki pia.

Kwa Kiarabu, shina lake linahusu kukimbia mbio, tena kupita mpaka, kuvuka kiasi. Uadui ni kule kuvuka na kumrukia mwenzako. Ni neno la tendo; halitaji kabila wala mahali mtu alipolala wakati wa vita. Na katika shina hilohilo Waarabu wana neno la maambukizo, ugonjwa unaoruka kutoka mtu hadi mtu.

Sisi wa Butembo tuliona hayo mawili yakishikana. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2287 mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati yake, wengi waliwaona watu wa «riposte» kuwa ndio adui, zaidi baada ya Beni na Butembo kukosa kura ya urais ya tarehe 30 Desemba 2018. (Na «riposte» yenyewe Wafaransa wanaitumia katika mchezo wa upanga: pigo la kujibu pigo. Jina baya kwa kazi ya waganga.) Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu hapa mjini. Alikuja kuzuia maambukizo, na neno lilikuwa limekwisha kumrukia.

Kuna neno lingine, la Kiarabu vilevile: hasimu, na uhasama wake. Kwenye redio wanalisema kama uadui tu. Lakini kule lilikotoka, hasimu ni yule mnayeshindana naye katika kesi: watu wawili, mbele ya mwamuzi. Hasimu anabaki na zamu yake ya kusema. Adui hasubiriwi aseme. Anapelekwa kwa askari, ao vijana wanammaliza njiani, na tunajua ilikwisha kutokea.

Tulipomuuliza yule mama polepole, ikaonekana maneno yake ni ya kakao. Alikimbia miti ikiwa na matunda. Jirani akavuna misimu miwili, akauza. Hiyo ni matata ya shamba, tena mazito, na mama ana haki ya kuyalia. Jirani naye alieleza alivyolala porini wiki na wiki, akiingia shambani mchana tu, na kwamba ndugu yake aliyekwenda kuvuna naye siku moja hakurudi. Hayo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mzee mmoja akasema: «Mama, ukitaka umwite mwizi, tutasikiliza. Adui, hapana.»

Mama alikaa kimya kidogo. «Basi, mwizi.» Watu wakacheka, hata jirani.

Mipaka ya shamba itapimwa mbele ya chefu wa lokalite. Juu ya feza za kakao wangali wanabishana.